Mkunga na Muuza Pampu

Gari lilizimika katikati ya mzunguko, saa ile ya asubuhi ambayo kila mtu mjini ana haraka na hakuna mwenye subira. Honi zikalipuka nyuma yake kama bisi kwenye sufuria.

Nyuma ya usukani alikuwa mwanamke aliyestaafu hospitalini lakini hakustaafu kazi. Mitaa yote ya upande ule ilimwita Mkunga. Alivaa gauni la buluu lililokoza, kilemba cheupe kilichofungwa kwa ukaidi, na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Kiti cha pembeni kilikaliwa na mkoba wake: glavu, mizani ya kupimia watoto, kipimo cha presha. Alikuwa anakwenda kumwona mzazi aliyejifungua juzi na maziwa hayataki kutoka.

Akazungusha ufunguo. Gari likawaka. Akakanyaga mafuta, likasita kama mtu aliyesahau neno, likaruka kidogo, likazima.

"Usiwashe tena, Mama," sauti ikasema dirishani.

Mkunga akageuka. Mwanamume mrefu, masharubu yenye mvi yaliyopunguzwa vizuri, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakaribia kukata. Vidole tu ndivyo vilivyomsaliti: vilikuwa na weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Ila ukiendelea hivyo utaua na betri, halafu utakuwa na wagonjwa wawili."

"Wewe ni fundi?"

"Nilikuwa. Sasa nauza vipuri, duka langu lile lenye mlango wa kijani. Gari lako nalisikia kila likipita hapa. Limekuwa likilalamika."

"Kwa hiyo kazi yako ni kusikiliza magari ya watu?"

"Yanayolalamika, ndiyo. Weka gia huru, tusukume."

Akawaita wauza magazeti wawili, wakalisukuma mpaka mbele ya duka, honi zikiwasindikiza kwa matusi. Mkunga alishuka akiwa amekunja uso, tayari kwa vita.

"Mwanangu anasema limezeeka," alisema. "Anasema nilipeleke kwenye vyuma chakavu, nikae nyumbani nilee wajukuu."

"Linakusumbua lini? Asubuhi likiwaka?"

"Hapana. Linawaka vizuri. Nikisimama kwenye taa, limetulia kama paka. Nikikanyaga kwa nguvu, au nikipanda mlima wa hospitali, ndipo linakohoa. Mafuta yakikaribia kuisha ndiyo linazidi."

Mwanamume akamtazama kwa heshima mpya. "Laiti wateja wote wangejua kueleza hivyo. Mama, gari halisiti kwa uzee. Linasita kwa sababu. Tupime kwanza."

Watu wa mtaa ule walimwita Bwana Kipimo kwa ajili ya neno hilohilo. Ukienda kwake kununua plagi, atakuuliza nani aliyekwambia plagi zimekufa. Alikuwa mgane, mkewe alifariki zamani, na tangu hapo alizungumza zaidi na injini kuliko na watu.

Siku ile alizitazama plagi, zilikuwa safi. Akabadilisha filta ya mafuta. Gari likaendelea kusita. Akafunga geji ya kupimia presha kwenye njia ya mafuta, injini ikiwa inanguruma taratibu, na mshale ukasimama palepale unapotakiwa.

"Basi presha ni nzima," Mkunga alisema.

"Ikiwa imesimama."

Mkunga akacheka, mara ya kwanza asubuhi ile. "Hata mimi, mjamzito nikimpima akiwa amelala, anaweza kunidanganya. Mpandishe ngazi uone."

"Ee, Mama! Tutalipandisha ngazi basi."

Akaibandika geji kwa utepe juu ya kioo cha mbele, kwa nje, mpira wake ukipenya chini ya boneti, akaingia kiti cha abiria na kuupakata ule mkoba wa ukunga kama mtoto wa watu.

"Macho yako barabarani," alisema, "yangu kwenye geji."

"Usije ukakosea ukanitazama mimi."

"Nitajitahidi."

Walipanda mlima wa hospitali. Mkunga akakanyaga mafuta mpaka chini. Mshale ukatetemeka, ukaanguka, gari likasita, likaruka, lori likawapita likiwatimulia moshi.

"Umeona?" Bwana Kipimo akapiga goti lake kwa furaha. "Pampu! Ikitakiwa kidogo, inatoa. Ikitakiwa nyingi, inashindwa."

"Naona umefurahi kuliko mwenye gari."

"Samahani. Ni furaha ya kujua."

Hakuridhika hata hapo. Waliporudi aliinua kiti cha nyuma, akapima umeme unaofika kwenye pampu, akaukuta umetimia. Waya hazikuwa na kosa. Ndipo akaingia dukani, akatoka na pampu tatu, akaziweka moja baada ya nyingine kwenye viganja vya Mkunga.

Ya kwanza ilikuwa na boksi linalong'aa kuliko zote. Mkunga akaipandisha na kuishusha. "Nyepesi. Nimepokea watoto maisha yangu yote, uzito naujua bila mizani. Hii imezaliwa kabla ya siku zake."

"Hiyo ndiyo inayonunuliwa zaidi hapa mtaani. Mimi ninayo ya kuwaonyesha watu tu. Ukipanda mlima nayo utanikumbuka kwa matusi. Hii ya pili ni ya vijana wa mashindano. Ina nguvu kuliko injini yako inavyohitaji. Itarudisha mafuta kwenye tangi yakiwa ya moto, itapiga kelele, na waya zako zitachoka kuilisha. Hii ya tatu ndiyo saizi yako: presha ileile ya kiwandani, plagi ya umeme inaingia bila kukata waya, na chujio lake jipya."

"Kwa hiyo si dhaifu, si mbabe."

"Ndiyo."

"Wanaume wa hivyo ni adimu," Mkunga alisema, akaichukua ya tatu.

Bwana Kipimo akakohoa, akatafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

Aliitoa betri kwanza, akashusha presha ya mafuta, akamfukuza jirani mwenye sigara, kisha akafungua tangi. Chini yake kulikuwa na tope jeusi lililoziba chujio la zamani. Akaliosha tangi, akafunga pampu mpya, na kila hatua akamwonyesha Mkunga, maana Mkunga alikataa kukaa kwenye kiti alichowekewa.

"Mafuta yasishuke chini ya robo," alimwonya. "Pampu inapozwa na mafuta yanayoizunguka. Ukiiacha kavu, inapikwa."

Jioni ile, alipotoka kumwona yule mzazi wa maziwa, Mkunga alipanda mlima wa hospitali kama anayefukuzwa, akashuka, akageuza, akapanda tena bila shida yoyote, kwa raha zake tu.

Kesho yake simu ikalia.

"Mama, habari za asubuhi. Gari linaendeleaje?"

"Gari halijambo. Mwenye gari ndiye hajaulizwa."

"Mwenye gari je?"

"Anaendelea vizuri, ila akipanda mlima moyo unakwenda mbio."

"Hilo nalo litahitaji kupimwa."

"Duka lako linafungwa saa ngapi?"

Wakaanza hivyo. Chai dukani juu ya boksi la breki, baadaye matembezi ya jioni kwenye bustani ya manispaa, baadaye simu za kuulizana kama umekula. Bwana Kipimo aliacha kumwita Mama, akamwita Mkunga, halafu siku moja, bila kukusudia, akamwita "mwandani wangu", wote wawili wakatazamana kama walioangusha glasi. Binti wa Mkunga, kitinda mimba wake anayeishi mji mwingine, aligundua wa kwanza kwenye simu ya video.

"Mama! Umepaka wanja?"

"Macho yangu hayo."

"Anaitwa nani?"

"Nenda ukalale."

"Saa kumi jioni, Mama?"

Mwanawe wa kiume, kifungua mimba, hakucheka. Aliwakuta bustanini wakila machungwa, akasalimia huku ameuma meno, na jioni akaja nyumbani kwa mama yake bado amevaa tai ya kazini.

"Mama, watu watasema nini?"

"Watu gani? Niorodheshee, nikawasalimie."

"Wewe una wajukuu! Na yule ni muuza spea tu. Wale wanaishi kwa kudanganya. Mtu kama wewe, mjane, una nyumba, una pensheni..."

"Malizia."

"Sina zaidi."

"Mimi ninayo. Nilipofiwa na baba yako nilikaa eda yangu, nikamlilia, nikawasomesha. Sijamwomba mtu ruhusa ya kulia, na sitamwomba mtu ruhusa ya kucheka."

Mwanawe aliondoka bila kumaliza chai. Lakini hakuwa mtoto mbaya. Wiki iliyofuata alirudi ameinamisha kichwa, akaomba funguo. "Nipe gari nikalifanyie sevisi kwa fundi wangu. Oili, breki, kila kitu. Zawadi, Mama. Tusigombane." Mkunga akampa funguo na busu la shavu.

Gari lilirudi limeng'arishwa, linanukia manukato ya maua.

Siku chache baadaye Mkunga alipigiwa simu na kijana ambaye mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya, teksi hakuna. Mkunga akawachukua. Nyuma msichana alikuwa anaung'ata mkono wa mumewe. Katikati ya mlima wa hospitali gari likasita. Likaruka. Mkunga akakanyaga, likasita zaidi, likazima.

"Mama, nakufa," msichana akasema.

"Hufi mbele yangu. Pumua kwa mdomo. Hivyo." Alikuwa ameshashuka, amesimama katikati ya barabara, mikono imetandazwa, kilemba kimefunguka. Gari la kusambaza mikate lilifunga breki mbele ya magoti yake. Walimpandisha msichana kati ya kreti, na mtoto akazaliwa hospitalini salama, analia kwa hasira. Ndipo Mkunga akampigia mwanawe aje kumchukua.

Mwanawe alimkuta kwenye benchi la wodi. "Pampu hiyo, siyo? Nilikwambia, Mama. Amekuuzia feki. Angekuulia watu."

Mkunga akampigia Bwana Kipimo palepale, mwanawe akisikiliza.

"Mwandani wangu!" sauti ikaitika kwa furaha.

"Usiniite hivyo. Umeniuzia takataka. Gari limenifia mlimani na mzazi ndani."

"Mzazi yu hali gani?"

"Salama, lakini si kwa hisani yako! Ulinishikisha nzuri, ukanifungia mbovu. Wewe ni mwizi kama wenzako."

Alisikika akivuta pumzi. "Lete gari, tupime."

"Sileti kitu. Umeshapima vya kutosha."

"Mkunga." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nimetukanwa mengi mtaa huu. Sijawahi kuitwa mwizi na mtu ninayempenda."

Simu ikakatika.

Mkunga alibaki ameishika sikioni. Mwanawe akasema, "Umefanya vizuri," na Mkunga akatamani sana kumzaba kofi bila kujua kwa nini.

Hakupiga tena, wala kupigiwa. Gari lilivutwa mpaka uani kwake, likakaa. Alikwenda kwa miguu kuwaona wanawake waliojifungua, au asiende kabisa kwa waliokuwa mbali. Mwanawe alikuja na mnunuzi wa chakavu, kijana mwenye kamba ya kukokotea. Mkunga alisimama mlangoni.

"Rudi ulikotoka, baba. Mgonjwa bado hajapimwa."

"Mama, limekufa!"

"Nani kathibitisha?"

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, na likamchoma. Kweli, nani kathibitisha? Alikuwa amemhukumu mtu kwa hofu ya mlimani na maneno ya benchini. Kama muuguzi mwanafunzi angemwandikia mgonjwa dawa kwa mtindo ule, yeye Mkunga angemfukuza wodini.

Akavaa dera kuukuu. Akaitoa betri kama alivyoona ikitolewa, akashusha presha ya mafuta, akainua kiti cha nyuma. Skrubu za kifuniko cha tangi zilikuwa zimechunwa, na yeye alikumbuka mikono iliyozikaza bila kuacha alama. Akazifungua. Akaitoa pampu ikichuruzika mafuta, akaiweka kwenye kiganja chake cha kulia. Akaipandisha, akaishusha.

Nyepesi.

Alikaa juu ya kizingiti cha gari akiwa ameikumbatia ile pampu, harufu ya mafuta ikimpanda kichwani, akacheka, halafu machozi yakamtoka. Kisha akamwita mwanawe.

"Washa gari lako. Tunakwenda kwa fundi wako."

Gereji ilikuwa kubwa, yenye sakafu ya vigae na kiyoyozi kwenye ofisi. Fundi, mwenye ovaroli safi isiyo na doa hata moja, aliwapokea kwa tabasamu.

"Niletee pampu yangu," Mkunga alisema.

"Pampu gani tena, Mama? Sisi tulibadilisha oili tu."

"Na skrubu za tangi ulizichuna ukitafuta oili?"

"Mama, haya mambo ya kitaalamu..."

"Niliishika siku ilipofungwa. Ilikuwa nzito. Hii uliyoniwekea ni nyepesi, na imemzimia mzazi mlimani. Sasa, ama unaniletea yangu, ama nakaa hapa kwenye kiti hiki cha wateja, na kila atakayeingia nitamwuliza kama ana uhakika na kilichomo ndani ya gari lake. Mimi mstaafu, mwanangu. Muda ninao."

Mteja mmoja aliyekuwa anasoma gazeti akalishusha. Fundi akamtazama mwana wa Mkunga kutafuta msaada. Mwanawe alikuwa amevua tai.

"Mletee mama yangu pampu yake," alisema, na sauti ikapasuka.

Ilitoka chini ya meza, imefungwa kwa tambara. Mkunga akaipokea kwa mikono miwili, akaipima, akatikisa kichwa kukubali.

Ndani ya gari mwanawe alishindwa kuwasha. "Mama, sikujua."

"Najua hukujua. Lakini hukuuliza, nami sikuuliza. Ulimwogopa yule mzee kwa sababu ananichekesha."

"Niliogopa utatusahau."

Mkunga akamshika shavu, kama zamani. "Mjinga wewe. Nipeleke mtaa wa vipuri, uniache hapo. Hili la sasa ni langu peke yangu."

Mtaa wa vipuri ulikuwa katika kelele zake za adhuhuri: nyundo, kompresa, redio zinazoshindana. Bwana Kipimo alikuwa kwenye kaunta, shati lake siku hiyo halikupigwa pasi. Alimwona, akainamia tena plagi aliyokuwa akiifuta.

Mkunga hakuingia. Alisimama nje, katikati ya njia, na sauti iliyowahi kuamrisha wodi nzima ikatoka.

"Bwana Kipimo! Nilikuita mwizi!"

Nyundo zikanyamaza moja moja.

"Nilikuita mwizi mbele ya mwanangu, na wewe si mwizi. Pampu yako ilikuwa nzima, ilichomolewa ikabadilishwa. Hii hapa! Nilitukana kwa sauti ya juu, siwezi kuomba radhi kwa kunong'ona. Nisamehe!"

Bwana Kipimo alitoka taratibu, akiwa ameshika tambara. "Ungeweza kupiga simu."

"Simu ndiyo iliyonikosesha. Na wewe je, mbona hukupiga?"

"Mimi ndiye niliyetukanwa!"

"Na mimi ndiye niliyeambiwa napendwa kisha nikakatiwa! Nani hufanya hivyo? Mtu anakwambia anakupenda, halafu tuut, tuut, tuut!"

Muuza matairi wa jirani akaangua kicheko. Masharubu ya Bwana Kipimo yakaanza kutetemeka pembeni.

"Sikujua la kuongeza," alisema.

"Mimi ninalo. Nimeambiwa niache gari na nikuache wewe. Gari sijaliacha."

"Na mimi?"

"Wewe nimekuja kukuoa."

Mtaa ukalipuka. "Mama, mwanamke haoi, anaolewa!" muuza matairi akapiga kelele.

"Basi leo kuna mtu anaolewa hapa," Mkunga alijibu bila kugeuka, "na si mimi."

Bwana Kipimo alitafuta mahali pa kukaa, akakuta kreti ya injini. "Mkunga, mimi nakoroma."

"Nimefanya kazi wodi ya wazazi. Kwangu mimi kukoroma ni bembelezi."

"Dada yangu atasema tumepata wazimu."

"Atapewa kiti cha mbele, aone wazimu kwa karibu."

"Nanuka petroli hata nikioga."

"Na mimi nanuka dawa. Una lingine?"

Alimtazama muda mrefu: kilemba kilichokaa upande, mikono yenye weusi wa mafuta kama yake. "Sina," alisema. "Nimekubali. Nimekubali, mwandani wangu."

Wakati vigelegele vikipigwa kwa nyundo na spana, simu ya Mkunga ikalia. Mwanawe.

"Mama, umemaliza? Nije kukuchukua?"

"Bado. Niko kwenye posa."

"Posa ya nani?"

"Yangu."

"Nani kaposa?"

"Mimi."

"Sasa... amekubali?"

"Muulize mwenyewe."

Bwana Kipimo akaipokea simu kwa vidole viwili, akihofia kuichafua. "Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu, hata kama hujaitoa," alisema. Akasikiliza, akatabasamu. "Ndiyo, nimekubali." Akamgeukia Mkunga. "Anasema Jumapili twende kwake tukale na wajukuu, tuzungumze kwanza."

Mkunga akaichukua simu.

"Tutakuja, mwanangu. Pika kingi. Tutazungumza chochote unachotaka, ila ruhusa isiwemo."